Tawi Lililokatwa Laweza Kuzaa Tena

Masomo: Yeremia 29:4–7, Warumi 11:16–24

 

Wengi wetu tuliacha nyuma miembe na mikorosho ya wazee wetu. Wako waliotoka Mocímboa da Praia, ulikoanzia mji kushambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Wako waliokimbia Palma tarehe 24 Machi 2021. Mtoto hubebwa mgongoni, mwembe haubebeki. Ndiyo maana lilipotolewa wazo la kupanda miembe kando ya kanisa, kulikuwa na manung'uniko: "Tupande kwenye ardhi ya watu, nasi tunangoja kurudi kwetu?" Hatuwalaumu waliosema hivyo. Hata sisi wazee wa kanisa tulisema.

Lakini Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli, akawaambia wajenge, wapande bustani, na wauombee heri mji ule wa ugenini. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaahidi kurudi, lakini aliwataka wale matunda wakati wa kungoja.

Wapo kati yetu wanaojua kubebesha miembe. Huotesha kokwa ya embe la kienyeji, maana mizizi yake imeizoea ardhi hii. Shina likifikia unene wa penseli hukatwa na kupasuliwa. Kisha huletwa kikonyo, yaani kijitawi cha mwembe mwingine mzuri, kikachongwa mfano wa kabari na kuchomekwa humo, ngozi za ndani zikutane. Hufungwa kwa utepe wa nailoni upesi, kabla jeraha halijakauka. Baada ya wiki chache machipukizi hutokea. Mwembe wa kokwa huchukua miaka mingi kuzaa, lakini wa kubebesha huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Tena mwembe mmoja waweza kubebeshwa aina mbalimbali: tawi hili dodo, lile boribo, lile ngowe. Kila tawi huzaa embe lake, na maji yote hutoka kwenye mzizi mmoja.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, shina na kikonyo vyote hukatwa. Mwenyeji aliyegawa shamba lake ana jeraha, na mgeni ana jeraha. Pili, utepe usipofunguliwa kwa wakati hulinyonga tawi. Msaada wetu kwa ndugu usigeuke kamba ya kumtawala. Tatu, tawi lenye nguvu likiachwa hulifunika dhaifu, kwa hiyo hupunguzwa.

Hapo tunaungama. Familia mpya zilipofika, sisi tuliotangulia tuliziweka nyuma kwenye foleni ya maji na kwenye mikeka ya ibada. Tukacheka jinsi wengine wanavyosema. Paulo anatuonya kwamba tawi lililopandikizwa lisijisifu, kwa maana si tawi linalouchukua mzizi. Mkulima hupandikiza tawi jema kwenye shina la mwitu. Mungu alifanya kinyume, akatutwaa sisi wa mwituni akatutia kwenye mzeituni mwema. Sote ni wa kupokelewa. Anayesali kwa Kimakonde, kwa Kimakua au kwa Kimwani asiache lugha yake ili akubaliwe mezani.

Mwenye ardhi ameridhia tupande. Basi Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, kila familia ilete kokwa moja na kopo la udongo. Waliofika mwisho ndio watakaochagua kwanza mahali pa kupanda. Na Bwana akiturudisha kwetu kabla ya miembe kuzaa, watoto wa wenyeji wetu watakula. Hiyo nayo itakuwa sadaka yetu.

Ee Bwana, tumekatwa, lakini hujatutupa. Tushike katika mzizi wako. Amina.