Mali Iliyofichwa na Haki ya Mrithi

Sarafu mtandao, yaani fedha ya kidijitali isiyotolewa na benki kuu, humtii yeyote ajuaye maneno yake ya siri, ambayo kwa kawaida ni 12 au 24, yaliyoteuliwa na programu kutoka katika orodha ya maneno 2,048 na kupangwa kwa mfuatano usiobadilika. Kwa kuwa anayeyapata hahitaji simu wala ridhaa ya mwenyewe, wenye sarafu hizo huyaandika kwa mkono na kuyaficha nyumbani, na hapo ndipo linapozuka swali la kidini: je, mtu anaweza kuificha mali yake hadi akawadhulumu warithi?

Hofu ya mwizi ni ya haki, ila maficho nayo yana hatari zake. Ufukweni Kigongo, wilayani Misungwi, karatasi iliyofukiwa katika sakafu ya udongo huliwa na mchwa, na iliyochomekwa juu ya kenchi hulowa bati linapovuja, hivyo mwenye busara huyachonga maneno hayo kwenye bamba la chuma kisichoshika kutu. Bamba hilo hustahimili maji na moto, lakini halimwambii mjane kwamba lipo.

Marehemu anapoacha akiba benki, ukoo huketi kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama humthibitisha, na benki hutii amri yake. Kwa sarafu mtandao hakuna wa kuamriwa. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwa hiyo dola inaitambua mali hii, ila haina uwezo wa kuifungulia yatima. Na kifo hakibishi hodi: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu waliotarajia kushuka bandarini asubuhi ile hawakufika.

Katika Uislamu mali ni amana ya Mwenyezi Mungu, na hadithi iliyopokewa na Ibn Umar inamtaka mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wosia ulioandikwa. Katika Injili ya Mathayo, mtumwa aliyeifukia talanta alilaumiwa kwa kutoizalisha, ingawa yeye aliweza kuifukua na kuirudisha nzima. Anayekufa na maneno yake hata hilo haliwezi. Kwa hiyo usiri wa namna hiyo, hata ukiitwa tahadhari, ni uvunjaji wa amana.

Lililo sahihi ni kutenganisha wosia na maneno yenyewe. Wosia, kwa kuwa husomwa mbele ya ukoo, useme tu kwamba mali ipo na ni nani anayejua bamba lilipo, wala usitaje hata neno moja kati ya yale ya siri. Mwenye sarafu hizo ambaye mkewe au mumewe hajui kwamba zipo, na auandike wosia huo leo kabla ya kulala.