Je, Utu Umo Katika Protini?

Wahenga walisema kwamba mtu ni utu. Usemi huu tumeurithi, nasi twaufundisha vijana wetu, lakini ni mara chache tunapouliza utu huo unakaa wapi. Sayansi imetulazimisha kuuliza. Katika maabara nyingi duniani, bakteria hukuzwa ili watengeneze protini ziitwazo "za binadamu". Ikiwa kiumbe kisichoonekana kwa macho kinaweza kutoa kitu cha binadamu, je, binadamu amepungukiwa? Na kitu hicho ni mali ya nani?

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuelewe. Jeni ni agizo lililomo ndani ya chembe hai, linaloonyesha jinsi asidi amino zitakavyopangwa ili kuunda protini. Mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba kipande cha DNA ngeni kinaweza kuungwa na DNA ya bakteria, na bakteria wakakizidisha kila wanapozaana. Mwaka 1978, wataalamu wa kampuni ya Genentech na wa kituo cha City of Hope walipata kwa njia hiyo insulini ya binadamu. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyokamuliwa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Jeni zilizotumika mwaka 1978 hazikutolewa mwilini mwa mtu ye yote. Ziliundwa kwa kemikali, kipande baada ya kipande, kwa kufuata mpangilio wa asidi amino uliokwisha kujulikana. Tena, insulini yetu ina asidi amino 51, na ile ya nguruwe hutofautiana nayo kwa moja tu. Mwenye kuutafuta utu ndani ya insulini ataishia kusema kwamba mtu na nguruwe wametengwa na asidi amino moja! La hasha. Utu haumo humo, na kwa hiyo bakteria hawawezi kutupokonya.

Maabara zenyewe zinatupa ushahidi mwingine. Protini nyingi za aina hii hazitengenezwi ziwe dawa, bali ziwe vifaa vya uchunguzi. Huuzwa katika vichupa vidogo, kwa vipimo vya sehemu za milioni za gramu, na mara nyingi kichupa huandikwa kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Sababu zipo: huenda protini ina mabaki ya sumu za bakteria, au haikujikunja kwa umbo lake sahihi, au imekosa viungo vya sukari ambavyo chembe zetu huviongeza. Mpangilio ni ule ule, lakini umdhaniaye ndiye siye. Jina la binadamu, basi, halitoshi kukifanya kitu kimfae binadamu.

Lakini tusikimbilie kosa la pili, la kusema kwamba kwa kuwa kitu hicho si utu, basi ni bidhaa tupu. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba bakteria waliobadilishwa na mtu wanaweza kumilikiwa kama uvumbuzi. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba jeni ya asili haimilikiwi kwa kutengwa tu, ila DNA iliyoundwa na mtu yaweza kumilikiwa. Watetezi wa umilikaji husema kwamba aliyetoka jasho apewe ujira. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi; maabara huendeshwa kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, ujira ni jambo moja, na kufungia wengine mlango ni jambo jingine. Mfanyakazi amechangia ustadi wake, lakini mpangilio wa protini hakuubuni yeye. Ni urithi tuliozaliwa nao sote. Frederick Banting na wenzake, waliopata insulini huko Toronto mwaka 1921 na 1922, waliiuzia chuo kikuu cha huko haki zao kwa dola 1 kila mmoja. Walijua kwamba mgonjwa hawezi kuahirisha uhai wake mpaka apate fedha.

Basi swali letu tulilielekeza mahali pasipofaa. Utu hautafutwi ndani ya kichupa, bali hupimwa kwa jinsi kichupa kinavyotolewa: nani anakipata, nani ananyimwa, na kwa sababu gani. Walimu na wanafunzi wa sayansi wanapojifunza jinsi jeni inavyosomwa, na wajifunze pia kuuliza maswali hayo. Bakteria anaweza kufundishwa kutengeneza protini yetu. Kugawana matunda yake kwa haki ni kazi ambayo hatuwezi kumwachia.