Linafanyiwa Kazi

Saa nane usiku, nikiwa nimelala Kahama, nilimwandikia mzee mmoja wa Nyarugusu kwamba tatizo lake linafanyiwa kazi. Jina lilikuwa langu, picha yangu ndogo ilikuwa pembeni, hata ile "pole sana mzee wetu" ilikuwepo, kama ninavyoandika siku zote. Ila sikuandika mimi.

Kampuni ninayofanyia kazi inakodisha na kutengeneza pampu na makarasha ya wachimbaji wadogo, kuanzia Kahama hadi Geita. Mashine ikileta shida, mteja anatuma ujumbe kwa simu, ujumbe unageuka tiketi kwenye mfumo wetu, na kila anayeishika anaandika maoni chini yake: nimeiona, kifaa kimeagizwa, fundi ameondoka. Mwaka jana tuliongeza wakala wa akili unde asome tiketi mpya na kuandika maoni ya kwanza. (Nasema "asome" kwa sababu ya ngeli. Kiswahili kilimpa utu kabla mimi sijaulizwa.) Ili aweze kuandika alihitaji ufunguo wa akaunti ya mtu. Nikampa wangu. Ilikuwa Ijumaa jioni, na kuomba akaunti mpya kungechukua wiki nzima.

Pampu ya mzee ilikuwa inatoa maji kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji linaloshuka wima, kuta zake zikishikiliwa na magogo tunayoyaita matimba. Mvua za Machi zikinyesha, maji hujipenyeza pembeni. Pampu ikisimama, duara linajaa na udongo unalainika. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Mwaka 2015, kule Nyangarata, wachimbaji walifukiwa chini ya ardhi, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41.

Mzee alisoma jibu "langu", akawazuia vijana wasishuke, akasubiri fundi. Ofisini hatukujua lolote, maana tiketi ikishapata maoni inaondoka kwenye orodha ya zisizojibiwa. Hata mimi niliipita kwenye skrini, nikaona imejibiwa, tena na mimi. Siku ya tatu kuta ziliporomoka. Hakukuwa na mtu ndani, namshukuru Mungu na busara ya mzee, lakini kazi ya miezi minne na matimba yote vilikwenda.

Alinipigia asubuhi ile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, uliniambia linafanyiwa kazi. Alikuwa anafanya nani?"

Nikaanza kumweleza habari za wakala, mfumo, ufunguo. Alinisikiliza hadi mwisho. "Ningejua hujaona," akasema, "ningekodi pampu ya jirani siku ileile."

Nimekaa na sentensi hiyo kwa miezi sasa. Mwanzoni niliona kosa letu ni uongo tu: tulisema linafanyiwa kazi, na halikuwa linafanyiwa. Lakini uongo pekee usingebomoa duara. Kilichobomoa ni kwamba mtu akishaahidiwa huacha kutafuta. Ahadi inamfungia mlango mwingine aliokuwa ameanza kuuendea, na ndiyo maana anayeahidi huwa anadaiwa. Mzee hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu hufanya akiambiwa subiri: alisubiri.

Wenzangu ofisini wana hoja, na si hoja dhaifu. Wanasema kabla ya wakala tiketi zilikaa siku mbili bila neno, na ukimya nao huumiza. Wanasema pia kwamba maneno ya kawaida hayana mwenyewe. Tazama salamu za Kisukuma: ukiulizwa hali unajibu "mhola", amani, hata kama mtoto yuko hospitali. Nani huhesabu hilo kuwa uongo?

Hiyo ya mhola ilinisumbua, kwa kuwa nimekua nikiisema. Ila bibi yangu akishajibu mhola huwa hajamaliza. Anavuta kigoda, ananyamaza kidogo, halafu zinakuja habari zenyewe: ng'ombe, mvua, mgonjwa. Mhola yake ni namna ya kusema nipo, kaa nikueleze. Maoni ya saa nane usiku hayakuwa na mtu wa kukaa naye.

Siku moja nilifungua tiketi za zamani, za kabla ya wakala, kutafuta alikojifunza maneno yake. Mashine hizi huandika kwa kufuata mifano zilizopewa, na mifano ya wakala wetu ilikuwa maoni yetu sisi. "Linafanyiwa kazi" ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi kuliko nilivyopenda kujua, na mara kadhaa nilikuwa sijagusa chochote, nilitaka tu simu iache kuita.

Mwaka 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli na mashine ya mazungumzo ya Air Canada. Kampuni ilijitetea kana kwamba mashine ile ilikuwa na wajibu wake yenyewe, mbali na kampuni. Baraza likakataa, likaamuru abiria alipwe. Niliposoma habari ile niliucheka utetezi wao, kisha nikakumbuka nilivyomweleza mzee habari za ufunguo.

Sikumzima wakala. Anapanga tiketi vizuri kuliko mimi, na anakumbuka pampu ipi ilileta shida ileile mwezi uliopita. Nilichofanya ni kumnyang'anya jina langu na kumkataza kuahidi. Sasa tiketi ikiingia usiku anaandika: "Ujumbe umefika. Hakuna mtu aliyeusoma bado." Maoni yake hayaitoi tena kwenye orodha. Bosi hakuipenda sentensi ile, anasema inatuaibisha mbele ya wateja. Ni kweli, inatuaibisha.

Mzee alirudi kwetu mwezi wa sita, na duara jipya. Wiki iliyopita pampu ilimsumbua tena, usiku, akapata jibu lile la wakala. Asubuhi nilikuta ameandika chini yake: "Sawa. Nimeshakodi kwa jirani. Mkiamka mnipigie."