Daftari la Charles Reep

Tarehe 18 Machi 1950, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, afisa mmoja wa Jeshi la Anga la Uingereza alitoa penseli na daftari akiwa jukwaani katika uwanja wa Swindon Town. Jina lake Charles Reep, kazi yake uhasibu. Kipindi cha kwanza dhidi ya Bristol Rovers kilikuwa kimemchosha: wenyeji walishambulia na kushambulia, na hakikuonekana cha maana. Kipindi cha pili akaanza kuandika kila shambulio la Swindon, lilianzia wapi, likapita pasi ngapi, likaishia wapi. Filimbi ya mwisho ilipolia, alikuwa na mashambulizi 147 daftarini.

Hakutumwa na klabu wala chuo. Namheshimu sana kwa hilo, maana makocha wengi hadi leo hutoka uwanjani na kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mtu aliyetoka kufungwa si shahidi wa kutegemewa. Reep alibuni alama zake mwenyewe, akafuata mechi mwaka hadi mwaka. Mechi za usiku alikwenda na kofia ya mchimba migodi yenye taa, apate kuona anachoandika. Mwaka 1968, yeye na mtakwimu Bernard Benjamin walichapisha makala ya kitaalamu katika jarida la Royal Statistical Society. Miaka 18 ya penseli!

Matokeo yake yalikuwa matamu kuyasikia. Takriban mabao 80 katika kila 100 yalitokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Basi, akahitimisha Reep, pasi nyingi ni kupoteza muda. Mpira upelekwe mbele upesi.

Hapa ndipo nataka kocha asome polepole. Katika takwimu zake zilezile, mashambulizi zaidi ya 90 katika kila 100 yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Ndivyo mpira ulivyo: hunyang'anywa, hutoka nje, hukatika mapema. Sasa piga hesabu. Mashambulizi mafupi ni asilimia 91 hivi ya mashambulizi yote, na yameleta asilimia 80 ya mabao. Marefu ni asilimia tisa tu, na yameleta asilimia 20. Kwa hiyo shambulio refu, likichukuliwa moja moja, lilizaa zaidi ya maradufu ya lile fupi. Jibu lililompinga lilikuwa ndani ya karatasi zake mwenyewe. Aliuliza mabao yametoka wapi, asiulize majaribio yalikuwa mangapi.

Mhasibu, mtu wa hesabu maisha yake yote, aliponyokwaje na jambo kama hilo? Nadhani ushindi ulimziba macho. Mwaka 1951 aliisaidia Brentford iliyokuwa ikichungulia shimo la kushuka daraja, nayo ikanusurika. Akafanya kazi na Stan Cullis, kocha wa Wolverhampton Wanderers (Wolves), na mwaka 1954 Wolves wakatwaa ubingwa wa Uingereza. Nani angemwambia amekosea? Lakini Wolves hao walikuwa na Billy Wright, nahodha wa timu ya taifa. Timu yenye wachezaji bora inaweza kushinda kwa mfumo wenye kasoro, na sifa zote zikaenda kwa mfumo.

Wazo likasafiri. Mwaka 1990 Charles Hughes, aliyesimamia mafunzo ya ukocha katika Chama cha Soka cha Uingereza, alitoa kitabu chenye mahubiri yaleyale ya pasi chache. Miaka minne baadaye Uingereza haikucheza Kombe la Dunia. Sisemi daftari moja ndilo lililoikosesha tiketi, kwani timu huanguka kwa mengi. Ninachosikitikia ni watoto waliofundishwa kubutua, kwa hoja ambayo haikuwa imekaguliwa.

Mwaka 2005 watafiti Mike Hughes na Ian Franks walizipitia mechi za Kombe la Dunia la 1990 na 1994, safari hii wakizingatia ni mara ngapi kila aina ya shambulio ilijaribiwa. Picha ikageuka: kwa timu zilizofanikiwa, mashambulizi ya pasi nyingi yalizaa mashuti mengi zaidi. Reep alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Si kwamba kila alichoandika kilikuwa bure. Aliona kwamba bao moja huhitaji takriban mashuti tisa, na kwamba mpira ulionyang'anywa karibu na lango la mpinzani ni mali. Hayo makocha wa leo wanayaishi. Kosa lake lilikuwa moja, na mimi nimelifanya pia. Nikifundisha vijana wa mtaani, niliona mabao yetu mengi yanatoka winga ya kulia, nikaamuru mipira yote ipite kulia. Msimu mzima sikuhesabu kwamba kushoto tulikuwa hatupiti kabisa. Kijana wetu wa kushoto aliacha kuja mazoezini.

Kocha mwenzangu, usiache kuandika. Jumamosi hii beba daftari, uchore safu mbili: ya kwanza mara ngapi mmejaribu, ya pili mara ngapi mmefanikiwa. Kisha mpe kocha wa timu pinzani alisome, mtu asiye na sababu ya kukusifu, umwombe akuonyeshe ulipokosea kabla hujawabadilishia vijana mchezo wao.