Je, Yatosha Kujua Hesabu?

Tushike unyasi mkavu, mfupi kama kidole, tuusimamishe na kuukandamiza kwa kiganja. Utavumilia. Tushike mwingine wa unene ule ule, lakini mrefu kama mkono: mara wapinda kando na kukunjika. Kumbe kitu chaweza kuwa na nguvu, kisiwe imara. Leonhard Euler alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1744: nguzo nyembamba ikiongezwa urefu mara mbili, mzigo wa kuipinda wapungua mpaka robo.

Hayo hufundishwa vijana wa chuo kikuu wanaosomea ujenzi wa madaraja. Twauliza: je, yatosha?

Tazameni daraja la Quebec, nchini Kanada. Tarehe 29 Agosti 1907, likiwa bado lajengwa, lilianguka katika mto Saint-Laurent, wakafa wafanyakazi 75. Urefu wa katikati ulikuwa umeongezwa, wala hesabu ya uzito haikurudiwa kwa wakati wake. Lakini chuma kilionya. Siku nyingi kabla, mihimili ya chini ilionekana imeanza kupinda. Watu walipima, wakaandikiana barua, wakabishana: huyu asema ilipindika tangu zamani, yule akana. Siku ile ile injinieri mshauri, aliyekuwa mbali New York, alipeleka neno kwamba mzigo usiongezwe. Neno halikufika darajani. Kazi iliendelea mpaka jioni, daraja likaanguka.

Wengine watatujibu: mwalimu wa hesabu afundishe hesabu, dhamiri ina walimu wake. Twakubali kwamba pasipo hesabu dhamiri njema ni kipofu. Hata pale Quebec kosa lilianza katika hesabu. Lakini kosa liliweza kuonekana kwa macho, na macho yaliliona. Aliyekosekana ni mtu wa kusema, "Shukeni wote, leo hakuna kazi," bila kuogopa hasara wala aibu. Na nguzo ikianza kukunjika haingoji barua. Yaanguka kwa ghafula.

Sisi wenyewe, tulipojenga kanisa la mtaani, fundi mzee alizikataa nguzo zetu ndefu nyembamba. Tulimnung'unikia siku mbili. Leo twakaa chini ya dari ile na watoto wetu, nasi twamshukuru.

Basi, mwalimu amwulize mwanafunzi maswali mawili. La kwanza: nguzo hii yabeba kiasi gani? La pili: ukiona yapinda, utamwambia nani, na lini? Asiyeweza kujibu la pili asipewe daraja kulijenga.