Kitundu cha Darubini

Ukiwauliza watu darubini nzuri ni ipi, wengi watakujibu papo hapo: ile inayokuza sana. Wauzaji wamelijua hilo, ndiyo maana kwenye boksi wanaandika "mara 500" kwa herufi nene. Ndugu msomaji, huo ni ujanja wa sokoni. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu: chukua umbali wa fokasi wa lenzi ya mbele, gawanya kwa ule wa lenzi ya jichoni. Milimita 700 kwa 10, unapata mara 70. Weka lenzi ya jichoni ya milimita 5, tayari mara 140. Lakini nuru iliyoingia ni ileile. Ukikuza maradufu inatandazwa kwenye eneo mara nne, kama uji uliozidishiwa maji, na kipande cha mbingu unachokiona kinapungua. Mtu aliyesimama Mkata usiku usio na mwezi, macho matupu, anaona mbingu nzima. Mwenye darubini anaona kitundu.

Basi swali langu: mwenye kitundu ana haki gani ya kutuambia "hakuna"?

Wala si swali la nyota. Hadubini ya kupimia malaria ni ndugu yake darubini. Lenzi ya chini inakuza mara 100, ya jichoni mara 10, jumla 1,000. Hapo duara unaloliona lina upana wa kama sehemu ya tano ya milimita. Ndiyo maana mpimaji hufundishwa kutazama maduara 100 kabla ya kuandika kwamba vijidudu havipo, na yote 100 ukiyaunganisha hayafiki ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti! Sasa foleni ndefu, jicho limechoka, jamaa anatazama maduara kumi, anaandika "hakuna". Je, kadanganya? Alichokiona ni kweli kabisa. Mimi nasema kadanganya, maana neno lake limekwenda mbali kuliko jicho lake.

Ila tusimbebeshe mzigo peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda wetu huu. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, 2,062 tu ndio waliokutwa na vijidudu damu yao ilipopimwa kwa uangalifu. Na wale wasio na vijidudu ndio waliokufa kwa kiwango kikubwa zaidi. Hapo lenzi haikukosea. Woga wetu ndio ulioikuza malaria mpaka ikaziba maradhi mengine. Nadhani pia daktari aliyezoea majibu ya harakaharaka haliamini tena hata lile la uangalifu.

Siku hizi zahanati nyingi zina kipimo cha haraka, tone la damu na mstari. Hadubini bado ipo. Mama anayeshuka basi pale Mkata, njia ya Handeni inapoachana na barabara ya Chalinze na Segera, mtoto mgongoni, homa haijashuka, ana cheti chenye neno moja. Idadi ya maduara yaliyotazamwa haimo.