Nani Aliyeua Difu?

Leo nataka kuzungumzia oili ya difu ya pikipiki ya magurudumu matatu, ile ambayo hapa Majimoto hutubebea mpunga, matofali na hata wagonjwa. Usicheke. Oili hiyo ilinifundisha jambo juu ya haki ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyokaa katika ofisi ya mwalimu mkuu nikiamua kesi za watoto na za walimu.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Pikipiki ya kawaida huzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Mnyororo uko wazi, ukikauka hulia, ukilegea hupigapiga, na hata mpita njia atakuambia, "Mzee, angalia mnyororo wako." Hii ya magurudumu matatu haina mnyororo. Nguvu ya injini hupita katika shafti mpaka kwenye difu iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, na humo gia hufanya kazi gizani, zikiogelea katika oili. Utaratibu huu si mgeni duniani: kampuni ya BMW ya Ujerumani iliutumia katika pikipiki yake ya kwanza, R 32, mwaka 1923. Faida yake ni kwamba vumbi na matope hayafiki kwenye gia. Hasara yake ni hiyo hiyo: macho nayo hayafiki. Siku utakayoisikia difu ikivuma, mara nyingi meno yamekwisha kulika.

Nilipostaafu nilinunua chombo hicho kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, nikampa kijana mmoja wa hapa akiendeshe na kuniletea hesabu kila wiki. Tulikubaliana kwamba petroli na oili ya injini ni juu yake, matengenezo makubwa ni juu yangu. Oili ya difu hatukuitaja kabisa.

Msimu mmoja wa mavuno, maji yakiwa bado mengi bondeni, alikuja nyumbani asubuhi. "Shikamoo mwalimu. Jana tulivuka maji, difu ikazama yote. Naomba hela ya oili ya gia tuibadili." Nikamjibu kwamba oili ile ilikuwa ya juzi tu, na kwamba injini hula oili lakini difu haili. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Hakubishana. Nani atabishana na mwalimu aliyemfundisha kusoma?

Baada ya miezi mitatu difu ilikufa njiani, kabla ya kufika Kibaoni, magunia yakiwa juu. Nilimwita, nikamwambia ameua chombo changu kwa kukijaza mizigo kupita kiasi, nikachukua ufunguo. Alikuwa na mke na mtoto mchanga.

Fundi alipofungua nati ya chini ya difu, kilichotoka hakikuwa oili nyeusi, bali uji wa rangi ya chai ya maziwa, wenye kumeremeta vipande vya chuma. "Haya ni maji, mwalimu," alisema. Akanieleza, nami niliyewahi kufundisha sayansi nikaona haya. Difu iliyopata moto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia tundu la kupumulia au sili zilizochoka. Oili iliyochanganyika na maji haikai vizuri katikati ya meno, na chuma husaga chuma.

Akanionyesha pia kwamba oili hizi hazichaguliwi kwa kukisia. Nambari 90 ya oili ya gia isikudanganye ukadhani ni nzito mara mbili ya nambari 40 ya injini. Vipimo vyake ni viwili tofauti, na uzito wake haupishani sana. Kinachozitofautisha zaidi ni dawa za salfa na fosforasi zilizomo katika oili ya gia, ambazo hulinda meno yanapobanana kwa nguvu. Ndiyo maana mtu hufuata kitabu cha mtengenezaji, kama kimeandika GL-4 au GL-5, wala hamimini masalio ya oili ya injini. Tena huzungusha chombo kidogo kwanza ili oili ipate joto na kutiririka yote. Na kabla ya kufungua nati ya kumwagia, hufungua ile ya kujazia. Kwa maana ukimwaga kwanza, kisha ukakuta ya kujazia imeganda, umebaki na difu tupu isiyokwenda popote.

Sasa nakuuliza, msomaji: nani aliyeua difu? Desturi yetu hujibu upesi kwamba ni yule aliyeshika usukani ilipovunjika. Wengine wataniambia kwamba kijana angenunua oili kwa fedha yake. Nimelipima hilo. Lakini yeye alikuwa na maarifa bila mamlaka, na alilifanya lililo katika uwezo wake: alikuja, akasema. Mimi nilikuwa na mamlaka bila maarifa, nami sikuuliza hata swali moja. Kutojua si kosa. Kosa ni kutojua, kisha kumnyamazisha anayejua kwa sababu umri na cheo vinakuruhusu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba haikuwa mara yangu ya kwanza. Niliwahi kumkaripia mwalimu wa darasa la saba kwa matokeo mabaya ambayo chanzo chake kilikuwa darasa la kwanza, ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimerundika watoto wengi mno chini ya mwalimu mmoja. Aliniomba msaidizi nikamwambia avumilie. Madhara yalichukua miaka kutokeza, na yalipotokeza yalimkuta mwingine ameshika chaki. Hivyo ndivyo yalivyo makosa ya ndani: huingia kimya kwa mkono mmoja, hulia katika mkono wa pili. Anayetaka kuhukumu kwa haki hana budi kurudi nyuma mpaka siku maji yalipoingia.

Nilikwenda kwa kijana jioni, mwenyewe, sikumtuma mtu. Nilimkuta ametoka kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba yeye alisema kweli na mimi nilikosa. Kwa mzee wa rika langu, maneno hayo ni mazito kuyainua kuliko gunia. Nilikuwa nimemwaga kazi yake kabla ya kujua kama naweza kuijaza tena. Alinyamaza kidogo, akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Kisha akaongeza, kwa adabu, kwamba atarudi iwapo safari hii tutaiandika oili ya difu.

Tukaiandika. Gharama ni yangu, na kila difu inapozama ataifungua na kuitazama bila kusubiri ruhusa yangu.

Hesabu ya wiki moja alibaki nayo, akanipa risiti ya oili.